Treni Imekwama Korogwe

Baba alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye reli ya Tanga hadi Moshi. Ugonjwa wa kusahau ulipomwingia ulikula kila kitu, ukaiacha reli. Anakunywa uji, dakika kumi hazijapita analalamika kwamba tangu jana hajala. Lakini mwulize vituo: Kahe, Lembeni, Same, Makanya, Hedaru, Mkomazi, Mombo, Korogwe, anashuka navyo hadi Tanga bila kujikwaa. Daktari wa hospitali ya KCMC alishatueleza kwamba demensia ndivyo ilivyo, ya juzi hutangulia kupotea na ya zamani hubaki, na kwamba si uzee tu wala si uchawi. Majirani zetu wa Njoro walibaki na lao: karogwa.

Kila alfajiri alivaa koti lake la kaki, akaja kutikisa kufuli la geti. "Dada, nifungulie, treni inaingia." Dada ni shangazi, aliyefariki nikiwa darasa la nne. Mwanzoni nilimwambia ukweli: Baba, treni ya abiria ilishakufa, miaka mingi. Alishika nondo za geti, midomo ikimtetemeka. "Imekufa? Lini? Mbona hamkuniambia?" Kesho yake namletea msiba uleule, mpya kabisa.

Siku ya tano au ya sita nikasema tu, "Imekwama Korogwe, Baba."

Akaguna. "Kichwa au mabehewa?"

"Kichwa."

"Basi hiyo ni mpaka jioni." Akarudi ndani, akavua koti.

Kwa miezi saba treni yetu ilikwama Korogwe kila siku ya Mungu. Kaka zangu wa Dar, ambao hutuma ushauri mwingi kuliko hela, walisema si vizuri kumdanganya mzazi. Nikawaambia waje wamwambie wao.

Asubuhi moja ya Desemba 2019 nilitoka kupokea maziwa, nikarudishia geti bila kufuli. Nikiwa jikoni nachemsha nikasikia honi, ndefu na nzito, kutoka upande wa stesheni. Redioni walishatangaza kwamba treni ya abiria kutoka Dar inarudi Moshi baada ya zaidi ya miaka 20. Mimi ndiye niliyesahau. Maziwa yakafurika, na nilipotazama msumari wa ukutani, koti halipo.

Bodaboda alinishusha penye umati. Nilimkuta Baba kwenye mlango wa behewa, vifungo vimefungwa mpaka shingoni, miguuni ndala mbili tofauti, ya kushoto yangu. Mkono ameunyoosha. "Tiketi." Vijana wawili wakampita wakicheka. Mama mmoja mwenye kapu akasimama, akampa tiketi yake kwa mikono miwili. Baba akaisogeza mbali na macho, akaisoma juu mpaka chini, akapapasa mfuko wa kulia kutafuta kile kikoleo cha kutobolea. Alikikabidhi siku aliyostaafu. Akafikiri kidogo, kisha akachana kipembe kwa kucha, taratibu, akamrudishia tiketi yake mkononi.

"Safari njema, mama."

Safari ilikuwa imeshaisha, lakini yule mama akajibu, "Ahsante, mzee wangu."

Askari alikuwa ameshasogea. Nikamwahi: ni baba yangu, ni mgonjwa, alifanya kazi hapa. Akamtazama Baba, akatazama ndala. "Mwache amalizie behewa," akasema.

Lilipokuwa tupu, Baba akageuka akaniona. Hakuniita dada. Aliniita jina langu, ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu Pasaka.

"Mlisema imekwama Korogwe."

Nilimshika mkono, tukatembea mpaka nyumbani bila mimi kupata la kujibu.

Akalala mchana kutwa. Jioni akatoka chumbani, macho yaleyale ya kila siku. "Dada, treni imeingia?"

Nilishafungua mdomo kuitamka Korogwe, nikaimeza. "Imeingia, Baba. Asubuhi."

"Abiria?"

"Wamejaa."

"Na tiketi?"

Nikaliweka koti mapajani mwangu, nikaingiza mkono mfukoni, nikamtolea vile vipembe vya karatasi. Akavipanga juu ya meza kwa kidole kimoja, akavihesabu, akakunja uso.

"Hawa ni watatu tu," akasema. "Wengine wamepitia wapi?"