Saa iliyokataliwa kwa sababu tarehe yake inageuka magharibi

Ushauri wa kwanza niliopewa nilipoanza kutafuta saa za mkono za zamani ulikuwa ni kuachana nazo. "Chukua kopi kali," jamaa zangu wa kazini waliniambia, "elfu sabini, themanini, inang'aa, nani atakushika mkono akague?" Si watu wabaya, na walinishauri kwa nia njema. Lakini kopi kali nilishaivaa, na ndiyo iliyonipeleka kwenye saa za zamani.

Ilikuwa kopi ya Rolex Submariner, niliinunua Kariakoo, nyeusi, pete yake inazunguka kwa mlio mzuri kabisa. Submariner ya kweli imetengenezwa kwa ajili ya wapiga mbizi, na zinazotengenezwa siku hizi zimeandikwa mita 300 usoni. Yangu nayo iliandikwa mita 300. Ijumaa moja nilitawadha nayo, nilisahau kuivua, na kabla imamu hajashuka mimbarini kioo kilikuwa kimejaa ukungu kwa ndani. Mshale wa sekunde ulikuwa unaruka mara moja kila sekunde kwa sababu ndani kulikuwa na mashine ya betri. Rolex ya kweli ya siku hizi hupiga mara 8 kwa sekunde moja, ndiyo maana mshale wake unauona kama unateleza. Mtu anayejua saa anaigundua kopi ya namna ile akiwa upande wa pili wa meza.

Nikaamua: nitavaa saa halisi ninayoimudu. Na saa halisi ya watu wa kwetu ni Seiko 5. Japani walianza kuitoa 1963, na ile tano ni sifa zake: inajijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, siku na tarehe zinakaa kwenye dirisha moja, inahimili maji, kitufe chake cha kurekebishia saa kimezama ubavuni kwenye saa nne, na kasha lake na mkanda ni vya kudumu. Nyumbani tuna picha ya studio ya baba mdogo, shati la mikono mifupi, mkono mmoja kaushika kiunoni ili saa ionekane. Ni Seiko 5 ile. Niliikuza picha kwenye simu mpaka ikawa vidoti, nikitafuta namba.

Hapo ndipo nilipouziwa mbuzi kwenye gunia.

Muuzaji alikuwa na sahani nzima ya Seiko za zamani, zimepangwa kama vitumbua, kila moja na rangi yake: chungwa, kijani, zambarau, nyekundu ya damu ya mzee. Nikachagua ya chungwa. Sehemu ya chini ya uso iliandikwa 6119 na juu kidogo 21 JEWELS, yaani mawe 21, vile vijiwe vidogo vinavyopunguza msuguano ndani ya mashine. Nilikuwa nimeshasoma kwamba 6119 ni mashine ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na miaka ya 1970, ina mawe 21. Nikaona nimefika. Nikatoa kama laki na nusu bila kubishana sana, kwa sababu niliogopa kwamba nikibisha atagundua thamani yake.

Wiki ya tatu ikaanza kuchelewa. Nikaipeleka kwa fundi saa mmoja, mzee, ana kijimeza chenye sanduku la kioo kwenye baraza la duka la watu. "Shikamoo fundi." "Marahaba. Leta tuione." Nilitegemea aifungue. Hakuifungua. Aliigeuza mara moja, akanirudishia.

"Bonyeza kitufe, ndani."

Nikabonyeza.

"Tarehe imeruka?"

"Haijaruka."

"Basi hiyo si 6119."

Akanieleza, na maneno yale sitayasahau kwa sababu yamenilindia hela nyingi tangu siku ile. Kwenye 6119, ukitaka kubadilisha tarehe unakisukuma kitufe kuelekea ndani, na tarehe inaruka. Ya kwangu ilikuwa haisukumiki, mpaka ukivute kwanza nje kituo kimoja ndipo ukizungushe. Ndivyo zinavyofanya za baadaye. Akaifungua sasa, na ndani ilikuwa 7009, mawe 17. Uso unasema 21, tumbo lina 17.

Kisha akanipa lenzi yake ya jichoni, akasema angalia miguu ya zile alama za saa. Jamani. Vile vijiti vya chuma vinavyoonyesha saa vilikuwa vimepandwa na rangi ya chungwa miguuni, kama nguzo za nyumba iliyopakwa chokaa kwa haraka. Uso wa kiwandani haufanyi hivyo, maana kiwandani rangi hutangulia, ndipo alama hupachikwa. Na maandishi yalikuwa yamevimba. Neno AUTOMATIC, ile M ilikuwa imeziba katikati. Maandishi ya Seiko yenyewe, hata ya miaka 50 iliyopita, ni membamba na makali kiasi kwamba ukiyatazama kwa lenzi unashangaa mkono wa nani ulifanya kazi ile.

Saa hizi hutoka kwa wingi kwenye karakana za India, na Mumbai ndiko kunakotajwa zaidi. Huchukua mashine ya saa hii, kasha la ile, uso unapakwa rangi upya, na inatoka inang'aa. Mashine ni Seiko kweli, ndiyo maana muuzaji anaweza kukuapia bila kusita. Lakini saa kama saa haijawahi kutoka kiwandani ikiwa hivyo, na mimi naihesabu kwenye kundi moja na kopi. Kuna wanaobishana na hili, wanasema ilimradi inatembea. Siwakubalii.

Baada ya hapo nilijifunza kusoma kifuniko cha nyuma. Pale pana namba mbili za maana. Ya kwanza ina kistari katikati: nne za mwanzo ni mashine, nne za nyuma ni kasha. Ya pili ndiyo umri wake. Kwenye Seiko za miaka ile tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Oktoba ni 0, Novemba N, Desemba D. Muongo hauandikwi, unaujua kwa mashine yenyewe. Siku hizi sinunui bila picha tatu: uso, kifuniko, na mashine ikiwa wazi. Muuzaji akikataa kufungua namuaga vizuri tu.

Kuna kosa jingine nilinusurika nalo, nalitaja kwa sababu ni la afya. Nilipata saa ya Kiswisi ya miaka ya 1950 yenye mishale iliyokuwa ikiwaka gizani. Haikuwaka tena, na kijana mmoja wa mezani jirani alitaka kuikwangua ile rangi kwa wembe ili aweke mpya. Yule mzee alimzuia mkono. Saa za wakati ule zilipakwa radiamu, kitu chenye mionzi ya hatari, na kule kuwaka kunaweza kufa lakini radiamu yenyewe inabaki: inachukua miaka 1600 kupungua nusu. Ukiikwangua, vumbi lake unalivuta. Kwenye miaka ya 1960 wakahamia tritiamu, ambayo nusu yake huisha kwa miaka 12 na kidogo, na Waswisi waliweka herufi T sehemu ya chini ya uso. Kama huna uhakika, usikwangue kitu.

Sasa saa yenyewe, niliyoivaa hapa ninapoandika.

Mwenyeji wangu wa Unguja alinipigia simu: kuna mzee hapa Mwembetanga ana Seiko, anataka kuiuza, ila usijisumbue, wafanyabiashara watatu wameshaiona wakaiacha. "Haisomi sawa. Iko nyuma saa sita, na tarehe inageuka jioni badala ya usiku wa manane. Imekufa hiyo." Nilimwomba anitumie picha ya kifuniko. 6119, na namba ya umri ikaanza na 13. Machi 1971. Nikakata tiketi ya boti.

Ilikuwa Alhamisi. "Asalamu alaykum, mzee." "Waalaykumu salaam, karibu mwanangu, pita ndani." Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, haioni tena saa, anasikiliza adhana. Mjukuu wake ndiye huivaa mchana ili isilale, maana Seiko hii haina namna ya kuijaza kwa kitufe, ikikaa mezani siku mbili inasimama. Akamwita mjukuu, saa ikavuliwa, nikaishika bado ina joto la mkono wa mtoto.

Uso wa fedha, umepata wekundu kidogo pembeni kama karatasi ya msahafu wa zamani. Nikatoa lenzi. Miguu ya alama safi. Maandishi makali. Nikabonyeza kitufe, tarehe ikaruka. Nikairudisha mahali pake kwa kubonyeza mpaka duru nzima ikatimia, mzee anacheka kimya kimya kwa kusikia mlio ule. Na jina la siku lilikuwa kwa Kiarabu. Nduguye alikwenda Omani mwanzoni mwa miaka ya 1970, kama Wazanzibari wengi baada ya Sultani Qaboos kushika nchi, na kutoka Maskati ndiko alikoituma. Seiko za soko la kule zina siku kwa Kiarabu na Kiingereza.

Nikatazama akrabu. Simu yangu ilisema 4:30, alasiri. Saa ilisema 10:30.

Mzee akaniuliza, "Sasa hivi saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu, mzee."

"Na hiyo inasema ngapi?"

Hapo ndipo niliposhtuka. Inasema kumi na nusu. Haikuwa mbovu. Aliitia saa ya Kiswahili, akrabu iko pale pale ulimi unapotaja, kama walivyofanya wazee wengi wa pwani. Sisi wengine tunaangalia nne tunasema kumi, tunafanya hesabu kila siku bila kujijua.

Nikabaki na lile la tarehe. Sikuuliza. Nilitaka nilione mwenyewe, kwa hiyo nilikaa, nikaletewa kahawa na kashata, tukazungumza. Jua likazama, adhana ya magharibi ikaanza kulia msikiti wa jirani, na mimi lenzi jichoni. Akrabu zilipopita kumi na mbili kidogo tarehe ikapanda, ikajisukuma, ikatua. Jina la siku likaifuata polepole, Alhamisi ikitoka, Ijumaa ikianza kuingia. Mzee alikuwa anajifuta maji ya udhu.

"Imegeuka?"

"Imegeuka, mzee."

"Ndivyo inavyotakiwa. Siku inaanza magharibi. Usiku wa Ijumaa si ndiyo huu?"

Alikuwa ameipanga hivyo kwa makusudi, miaka yote ile, saa ya Kijapani inafuata siku ya Kiislamu. Wafanyabiashara watatu waliishika mkononi wakaona ubovu.

Alitaja laki moja. Niliongeza, si nyingi, kwa sababu sikutaka kuichukua kwa bei ya kitu kibovu ilhali najua si kibovu. Aliniomba jambo moja, nisiipeleke sokoni. Nikampa ahadi mbele ya mjukuu.

Dar fundi aliisafisha, akaitia mafuta, akabadilisha kioo kilichochubuka na mpira wa kifuniko. Elfu hamsini, sitini hivi, sikumbuki vizuri. Kijana wa mezani jirani akataka kuipiga msasa ing'ae. Hapana. Kasha la Seiko lina kona kali na mistari myembamba ya brashi kutoka kiwandani, ukishazisugua hazirudi, inabaki kama sabuni iliyotumika nusu. Na uso usiguswe, hata kama kuna doa. Watu waliniambia doa linapunguza thamani, na ni kweli linapunguza kidogo, ila rangi mpya inaondoa thamani yote. Sasa inakwenda mbele kama sekunde ishirini kwa siku, saa yenye zaidi ya miaka 50. Naivua nikitawadha, kwa sababu mpira ni mpya lakini chuma ni kizee.

Jamaa zangu wa kazini wakiiangalia bado wanasema iko nyuma saa sita. Sijairekebisha. Jana ilikuwa Alhamisi, nilikuwa kwenye daladala maeneo ya Ubungo, foleni imesimama, adhana ikasikika dirishani. Nikakunja mkono wa shati nikatazama. Akrabu zilikuwa zimeshapita kumi na mbili, na herufi za Ijumaa zilikuwa nusu ndani ya dirisha, bado zinapanda.