Nilivyoondokana na vita vya mswaki kila usiku

Kwetu ugomvi wa usiku haukuwa wa kulala. Kulala watoto walilala wenyewe, hata kwenye kochi, hata na viatu miguuni. Ugomvi ulikuwa wa mswaki. Ukiutaja tu, kitinda mimba, wa miaka miwili na ushee, anaingia uvunguni; kifungua mimba, wa miaka sita, anaapa kwamba ameshapiga. Nikipitisha kidole gumba kwenye mswaki wake, mkavu kabisa.

Nilichobadilisha kwanza ni saa. Mswaki ulikuwa kitu cha mwisho kabla ya kitanda, wakati ambao mdogo ameshachoka, na mtoto aliyechoka hana la kujadiliana na mtu. Nikausogeza: tukimaliza tu kula cha usiku, kabla sijatoa vyombo mezani, tunakwenda wote. Baada ya hapo ni maji tu mpaka asubuhi.

Hilo la maji lilileta kilio kuliko mswaki wenyewe, maana mdogo alizoea kulala na chupa ya maziwa mdomoni. Maziwa yakahamia mezani, ayanywe pamoja na chakula, na kando ya kitanda kikabaki kikombe cha maji. Alilia, nami nikashikilia. Mtu akilala mate hupungua, na mate ndiyo yanayosaidia kusafisha kinywa. Sukari ya maziwa ikibaki kwenye meno usiku kucha, bakteria huigeuza kuwa tindikali inayokula jino. Kwa watoto wa chupa, meno ya mbele ya juu ndiyo huumia mapema. Kulia kwake usiku chache nilikuona nafuu kuliko jino bovu.

Kilichosaidia zaidi ya vyote ni mkao. Nilikuwa nampigia mswaki akiwa amesimama mbele ya sinki, mimi nimeinama, na kwa kweli nilikuwa nabahatisha. Sasa nakaa chini, nanyoosha miguu, anajilaza chali na kichwa chake mapajani pangu. Hapo naona mpaka gego la mwisho. Naanza na huko nyuma, sehemu ya kutafunia, kisha upande wa shavu, kisha upande wa ulimi. Ya mbele nayaacha mwisho kwa sababu yanamtekenya. Anacheka, na akiwa amepanua mdomo kwa kicheko ndipo namalizia kwa ndani. Tunayahesabu kwa sauti. Meno ya utotoni yakikamilika huwa 20. Yeye ana 16 kwa sasa, na kila siku anauliza yale manne yako wapi.

Nyimbo na saa ya mchanga tulijaribu pia. Watoto wangu walizichoka upesi.

Dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayokinga meno yasioze, natumia kwa wote wawili, ila kwa kipimo: ya mdogo kiasi cha punje ya mchele, ya mkubwa kiasi cha punje ya njegere. Matangazo yanayoonyesha dawa imejaa mswaki ncha hadi ncha yanataka tu tube iishe haraka. Mdogo bado hajui kutema vizuri, humeza kidogo, ndiyo maana kipimo chake ni kile. Mkubwa anatema basi, hasukutui na maji, ili floraidi ibaki kwenye meno. Hili alilipenda, limempunguzia kazi.

Kwa mkubwa shida ilikuwa nyingine: “Baba, mimi si mtoto.” Tukakubaliana anaanza yeye, mimi namalizia. Mkono wa mtoto wa umri wake haujawa mwepesi wa kufika kila pembe, na ushauri wa kawaida ni mzazi aendelee kusaidia mpaka miaka 7 au 8 hivi. Anakunja uso, lakini anafungua mdomo.

Na ni katika kumalizia huko ndipo nilipoliona gego jipya, nyuma kabisa ya yale ya utotoni, limetokeza nusu na kipande cha ufizi bado kimelifunika. Hakuna jino lililong'oka kulipisha. Magego ya kwanza ya ukubwani huota hivyo, kimyakimya, karibu na miaka 6, na wazazi wengi hudhani ni ya utotoni yatakayokuja kung'oka. Hayang'oki, ndiyo ya maisha. Kwa kuwa liko chini kuliko wenzake, mswaki ukipita kawaida unaliruka juu kwa juu. Inabidi niugeuze, niuingize kwa upande wa shavu, ndipo ulifikie. Angekuwa anapiga mwenyewe na kutema, lisingeguswa kabisa.

Zipo siku tunarudi nyumbani wameshalala. Siwaamshi. Asubuhi mswaki unatangulia kabla ya jambo lolote, na hakuna anayeruhusiwa kuitaja siku hiyo kama ushahidi kesho yake.

Siku hizi mdogo hakubali kulala mapajani mpaka na yeye anipige mimi mswaki kwanza. Nampa. Ana mkono mzito, na magego yangu hajayafikia hata mara moja.