Moyo unaosukuma vizuri lakini haulegei

Wenzangu tunaopima eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) hapa Mwanza, tusikimbilie kuandika “moyo uko sawa” kwa sababu tu unasukuma vizuri. Mama mwenye presha anayehema akipanda kilima cha Bugando huenda moyo wake haulegei, yaani haujiachii vizuri kupokea damu.

Weka kidirisha cha Dopla (kipimo cha kasi ya damu), milimita 1 hadi 3, kwenye ncha za vali ya mitrali, mlango kati ya vyumba vya kushoto vya moyo. Kikiteleza hadi kwenye pete ya vali, wimbi la E (damu inayoingia mwanzo, moyo ukilegea) linashuka na uwiano wa E/A (A ni ile inayosukumwa mwishoni na chumba cha juu) unadanganya. Kisha Dopla ya misuli (kasi ya msuli wenyewe ukilegea, ndiyo e′), pande zote mbili za pete. Wastani wa E/e′ ukizidi 14, shuku shinikizo la kujaza moyo limepanda.

E/A inapendeza mno, kama ya moyo mzima? Mwambie abane pumzi ajikamue. Ikishuka kwa nusu, ule uzuri ulikuwa wa bandia.