Aradi: Hekalu Ambalo Maandiko Hayalitaji

Wengi waendao Israeli kwa ajili ya Biblia huishia Yerusalemu, Bethlehemu na Galilaya. Mimi nilitaka kuanzia kusini, kwenye kilima cha Aradi, mashariki mwa Beer-sheba, mahali ambapo mashamba yanapungua na jangwa la Negebu linaanza kujionyesha. Hekalu la Sulemani halionekani tena popote: Wababeli walilichoma mwanzoni mwa karne ya 6 KK, na kilima lilikokuwa hakichimbwi. Anayetaka kukanyaga sakafu ya hekalu la watu wa Yuda, la zama za wafalme wao, anaweza kwenda Aradi.

Mji wa Kikanaani ulio chini ya kilima ni mkongwe zaidi na mpana zaidi, lakini tuliupita haraka, kwa kuwa jua lilikwisha kuwa kali. Juu kuna ngome ya mraba iliyolinda mpaka wa kusini wa Yuda, na katika kona yake ya kaskazini-magharibi ndipo wachimbaji wa mwanaakiolojia Yohanan Aharoni, katika miaka ya 1960, walipokuta kitu ambacho hakuna aliyekitarajia, yaani hekalu kamili ndani ya kambi ya askari.

Niliketi kwenye kivuli cha ukuta nikafungua Wafalme wa Kwanza, sura ya 6. Nyumba ya Sulemani ina urefu wa dhiraa 60, upana wa dhiraa 20 na kimo cha dhiraa 30. Mbele ni ukumbi, kisha chumba kikubwa, na mwisho kabisa chumba cha ndani chenye dhiraa 20 kila upande, kilichofunikwa dhahabu, ambamo makerubi wawili wa mzeituni wametandaza mabawa yao hata yakagusa kuta za huku na huku. Mawe yalichongwa kabisa machimboni, kwa hiyo nyundo wala shoka havikusikika nyumba ilipokuwa ikijengwa. Mwandishi anapima kila kitu kwa subira ya fundi, na ujenzi mzima anauhesabu kuwa miaka 7. Mstari unaofuata anasema, bila kuongeza neno, kwamba jumba la mfalme mwenyewe lilichukua miaka 13. Sidhani kwamba hesabu hizo mbili ziliwekwa jirani kwa bahati.

Mpangilio huohuo uko Aradi, ila kwa kipimo cha maskini. Unaingia kutoka mashariki. Uani kuna madhabahu ya udongo na mawe ambayo hayakuguswa na chombo, kama inavyoagizwa katika Kutoka 20:25. Chumba cha kati kimelala kwa upana badala ya kwenda mbele, na magharibi mwake, juu ya vidaraja, kuna kishubaka kidogo ambacho mtu mzima akinyoosha mikono anakaribia kugusa kuta zote mbili. Hapo ndipo patakatifu pa patakatifu pao. Hapana sanduku la agano wala kerubi. Lililosimama humo ni jiwe lililolainishwa, lenye mabaki ya rangi nyekundu lilipofukuliwa, na mbele yake madhabahu mbili za kufukizia. Kumbukumbu la Torati 16:22 linakataza kusimamisha nguzo ya namna hiyo, nami nilikuwa nikiitazama.

Madhabahu zilizopo kilimani ni nakala. Zile zenyewe nilizikuta baadaye katika Jumba la Makumbusho la Israeli mjini Yerusalemu, fupi kuliko nilivyodhani: kubwa ina sentimita 52 na ndogo 40, zote za mawe ya chokaa, na juu yake kuna weusi wa kilichoungua. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwenye ile kubwa waliteketeza ubani uliochanganywa na mafuta ya wanyama, na kwenye ndogo bangi iliyochanganywa na samadi ili iungue polepole. Ubani hauna ajabu, maana Yeremia anautaja ule utokao Sheba, na hata pwani kwetu ubani wa Arabuni bado unafukizwa. Bangi, hata hivyo, haimo katika fukizo la Kutoka 30, na jamaa mmoja wa msafara wetu alilisoma bango la maelezo mara mbili.

Kwa hiyo niliirudia sala ya Sulemani, sura ya 8, kwa jicho jingine. Wingu limeijaza nyumba hata makuhani wameshindwa kusimama kuhudumu, na palepale mfalme anauliza iwapo Mungu, ambaye mbingu za mbingu hazimtoshi, atakaa katika nyumba aliyoijenga yeye. Anachoomba ni kwamba jina lake liwepo hapo na macho yake yaielekee, ili hata mgeni kutoka nchi ya mbali akiomba kuielekea nyumba hiyo, asikiwe. Ndani ya sanduku, sura hiyohiyo inasema, hamkuwa na kitu ila mbao mbili za mawe. Maandiko yanaijaza nyumba dhahabu, kisha kiini chake yanakiweka katika maneno ya agano. Ukitoka Aradi unaona kwamba hayo hayakuwa mawazo ya kila mtu katika Yuda.

Madhabahu hizo mbili zilikutwa zimelazwa ubavu na kufukiwa kwa uangalifu, bila dalili ya moto. Wataalamu wengi wanaiona hapo kazi ya Hezekia, mfalme wa Yuda aliyeondoa mahali pa ibada nje ya Yerusalemu, ingawa wengine wanamtaja mfalme Yosia, aliyefanya vivyo hivyo baadaye. Mimi naelemea kwa Hezekia, kwa sababu ya 2 Wafalme 18:22, ambapo mjumbe wa Ashuru, akisimama nje ya kuta za Yerusalemu, anawacheka watu wa Yuda: mnamtumaini Mungu gani, ikiwa mfalme wenu mwenyewe ameziondoa madhabahu zake?