Mwenzangu Yuko Maskati

Nimekulia Mombasa, na karata nilizozijua ni za barazani: wahedi wa sitini. Ree pointi 11, seti 10, jumla yote 120, wenye 61 wameshinda. Tulikaa wanne, wawili kwa wawili, na mwenza wako akijikuna sikio ulijua kuna jambo. Labda ndiyo sababu briji, nayo karata ya wawili kwa wawili, imenishika hivi. Huku kukonyezana ni marufuku kabisa, hata kuguna au kusitasita kwa makusudi, na bado mchezo mzima ni mazungumzo ya watu wawili.

Aliyenivuta ni binamu yangu anayeishi Maskati. Tunakutana Bridge Base Online, tovuti ya kuchezea briji, usiku, watoto wakishalala. Uso wake siuoni. Naona karata zangu 13, na ninachokijua kuhusu zake ni kile anachonieleza kwa mnada na kwa karata anazotupa.

Mnada ndio unaotangulia. Kila mtu kwa zamu yake hupita au hutaja idadi na aina, kuanzia pau 1 hadi 7 bila turufu. Ukisema 1 umeahidi kula mizunguko 7, kwa sababu mizunguko sita ya mwanzo haitajwi. Miito hiyo yote ni 35 tu, na kwa miito hiyo unatakiwa kumweleza mwenzako mkono mzima. Tunahesabu ree 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Karata zote zina pointi 40, na mkiwa nazo kama 25 au 26 baina yenu, mnaweza kuitazamia kopa 4, yaani kula mizunguko 10 kati ya 13.

Kuna miito isiyosema inachokitaja. Binamu akifungua kwa 1 bila turufu nami nikajibu pau 2, sizitaki pau. Namuuliza kama ana kopa nne au shupaza nne mkononi. Mwito huo huitwa Stayman. Kilichonigusa ni kwamba wapinzani wana haki ya kuuliza una maana gani, na ni lazima waambiwe. Tulichokubaliana mimi na binamu si siri yetu. Mara ya kwanza nilidhani kanuni hiyo inaua utamu. Sasa naona utamu wenyewe uko hapo: wote wanne tunasikia maneno yale yale, anayeshinda ni anayesikiliza vizuri.

Na ahadi ina uzito. Zamani, kabla ya mwaka 1925, ukila mizunguko mingi kuliko ulivyotaja, yote ilikusogeza mbele. Harold Vanderbilt, Mmarekani aliyekuwa safarini kwa meli kupitia Mfereji wa Panama, akapanga hesabu upya: kinachokufikisha kwenye ushindi ni kile tu ulichokiahidi mnadani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo briji ilipopata roho yake.

Lakini ninachokipenda zaidi ni kulinda, yaani kuzuia wapinzani wasitimize mkataba wao, ile ahadi waliyoichukua mnadani. Wengi wanaojifunza hukimbilia kucheza mkataba. Mimi niacheni huku.

Jana wapinzani walichukua kopa 4. Ilitupasa tule mizunguko minne ili waanguke. Mkononi nilikuwa na pau nne: ree, mfalme, 8 na 4, pamoja na ree ya shupaza. Nikaanza na ree ya pau. Karata za mwenza wa yule anayecheza mkataba zikawekwa wazi mezani kama ilivyo ada: pau tatu, na uru ndefu ya kutisha. Binamu akatupa 9. Nikacheza mfalme, akatupa 3. Kubwa kwanza, kisha ndogo: anasema, ndugu yangu, nilikuwa na mbili tu, zimekwisha, nipe ya tatu niikate.

Sasa nimpe ipi, 8 au 4? Zote mbili angezikata kwa turufu. Tofauti ni kwamba karata ninayompa inamwambia arudishe nini akishakata. Ukitoa turufu na pau, zinabaki shupaza na uru. Karata kubwa huita aina ya juu, shupaza. Ndogo huita uru. Nikacheza 8. Akakata, na papo hapo ikaja shupaza, nikaila kwa ree. Mzunguko wa nne, mkataba umeanguka. Angerudisha uru, zile ndefu za mezani zingewatosha kutupia shupaza zao mbovu, na ree yangu ingekufa mkononi.

Nilikaa kitambo nikiitazama ile shupaza. Mtu aliye ng'ambo ya bahari, hana hakika na chochote mkononi mwangu, amepokea 8 ya pau na ameielewa. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi barazani, na nasema hivyo nikiwa naipenda baraza kwa moyo wangu wote.

Ijumaa tunaanza Blackwood, njia ya kuulizana ree ngapi kabla ya kupanda hadi mikataba ya 6. Binamu anataka twende haraka. Mimi nimemwomba tuendelee kwanza na ulinzi, angalau mwezi huu, kwa kuwa bado zipo karata zake ndogo nyingi ambazo nataka kuzisoma bila kufikiria mara mbili. Ameniambia atalifikiria.