Seva imejaa na mafaili tushayafuta, yaliyonikuta

Ofisi yetu ni ya kliaringi na fowadingi hapa Mombasa, si mbali na Moi Avenue, na kila karatasi ya kontena lazima iskaniwe. Seva, ile kompyuta inayotunza mafaili ya ofisi nzima, ikijaa kazi imesimama, na Jumatatu ile ilijaa. Diski ya tera 2, mfumo wake Ubuntu, na Samba, programu ya kufungulia mafaili yake kwenye kompyuta za ofisi, na fundi wake ni mimi kwa sababu tu niliwahi kuifufua printa ya bosi.

Nkawatangazia watu wafute vya zamani. Wakafuta kweli, dada wa akaunti alifuta mpaka picha za harusi ya binamu yake ambazo sijui zilifikaje huko. Naangalia df, amri ya kuonyesha diski imejaa kiasi gani, asilimia 100 vile vile. Akaitwa fundi wa nje, akanywa chai yetu, akasema diski imekufa nunueni nyingine, elfu 20 na ushee, mbali na ujira wake. Bosi akaanza kunitizama kama mimi ndiye nazila hizo giga.

Mwengine akanambia izime uiwashe. Nkaizima usiku, ikarudi kama giga 4, kumbe kulikuwa na logi (faili la kumbukumbu za programu) ishafutwa lakini programu bado imeishikilia, na faili ikishikiliwa hivyo nafasi yake hairudi (amri ya lsof +L1 ingenionyesha bila kuzima kitu, hilo nimelijua baadaye). Giga 4 zenyewe zikajaa kabla ya adhuhuri.

Basi nkaingia ndani ya folda kuu nkapiga du -sh *, amri ya kupima ukubwa wa kila kilichomo, nkajumlisha kwa kalikuleta, nkapata giga 600. df yasema tera 1.8. Sasa hiyo tera na zaidi imekwenda wapi? Nkajumlisha tena, nkabadilisha kalikuleta, wallahi. Nlikaa hapo mpaka adhana ya isha, mahamri yashakuwa mawe, ndipo ikanijia kwamba ile nyota ya mwisho wa amri haihesabu majina yanayoanza na nukta! Nkapiga ls -a, inayoorodhesha hata yaliyofichwa, huyo hapo, folda ya .recycle, kajilalia kimya na giga 1,200 zake. Aliyeiweka seva zamani aliwasha kikapu cha Samba, kwa hivyo mtu akifuta kwenye kompyuta yake faili linahamia humo tu, diski ile ile. Tungefuta mpaka mwaka mwengine.

Nlicheka peke yangu kama mwehu. Ukikutwa na haya anza na ls -a, usianze na pochi.

Halafu nkajitia ujuzi. Nkapiga find na -mtime +30 -delete, yaani futa yote ambayo tarehe yake ya kubadilishwa imepita siku 30, nikidhani nafuta vilivyotupwa zamani na kubakisha vya wiki hii. Kikapu hakigusi tarehe ya faili mpaka uweke recycle:touch_mtime kwenye mipangilio ya Samba, kwa hivyo faili la 2019 lililofutwa jana bado lasema 2019, nalo likaenda. Sasa nimeiweka, na nafasi ipo tele, bosi ananiita injinia.

Ila kesho yake dada wa akaunti kaja mezani kwangu na kaimati kwenye sahani. "Kakangu, zile picha za harusi waweza kunirudishia? Binamu yangu azitaka."