Kafiri: neno lenye mzizi wa kufukia

Mkulima wa Micheweni anapotia punje za kunde kishimoni kisha akazifukia, Kiarabu cha kale kina neno la kitendo hicho: kafara, yaani amefunika. Herufi zake ni tatu, kaf, fa na ra, na ndizo mzizi wa neno kafiri. Ndiyo maana katika Suratul Hadid, aya ya 20, wametajwa "kuffar" wanaofurahishwa na mimea iliyooteshwa na mvua, na wafasiri wengi wamesema hapo wanakusudiwa wakulima. Hata usiku, katika mashairi ya kale ya Waarabu, uliitwa kafiri kwa kuwa hufunika kila kitu.

Katika dini, kafiri ni mwenye kufunika: haki imemfikia akaikataa, au neema ameipata asiikiri. Maana hii ya pili inasahauliwa mno, na ni hasara. Katika Suratu Ibrahim, aya ya 7, kukufuru kumewekwa mkabala na kushukuru. Suratul Insan, aya ya 3, inawagawa watu vivyo hivyo, mwenye kushukuru na mwenye kukufuru. Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo vizuri. Mtu akimwaga wali mzima jaani huambiwa "usikufuru", wala hakuna anayedhani ametoka katika dini. Na harusi ikitumia fedha za kupindukia, watu husema ni kufuru.

Ndugu mwingine wa mzizi huu ni kafara ya Kiswahili, yaani malipo yanayofunika kosa. Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu watu hukosea kila siku. Aliyeapa kwa Mwenyezi Mungu akavunja kiapo ana hiari ya mambo matatu: kulisha maskini 10, kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa. Kufunga siku 3 ni kwa asiyeweza hata moja kati ya hayo (Al-Maida, aya ya 89). Wengi wenye uwezo hukimbilia kufunga kwa kuwa ni rahisi zaidi kwao, na kafara haijatoka. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Unguja na Pemba, kila maskini hupewa kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mji, na kwetu ni mchele. Lazima wawe watu 10 mbalimbali; kumpa mmoja vibaba vyote kumi hakutoshi.

Turudi kwa kafiri. Wareno walilipata neno hili kwa Waarabu na Waislamu wa pwani, wakalitamka cafre. Mdomoni mwao likaacha kuwa neno la imani, likawa la rangi ya ngozi. Lilipofika Afrika Kusini likageuka tusi la kumdhalilisha mtu mweusi, tusi ambalo leo humfikisha msemaji mahakamani. Msomaji wa Zanzibar akikutana nalo katika habari za huko asilichanganye na lile la chuoni, yaani la madrasa: asili ni moja, lakini jeraha ni la historia nyingine.

Hapa nyumbani kosa ni la kuchanganya. Mnafiki huonyesha imani na moyoni hana, ingawa mtaani jina hilo tumemwachia msengenyaji. Mshirikina humshirikisha Mungu na kingine. Siku hizi anaitwa hivyo hasa anayekwenda kwa waganga. Murtadi ni aliyekuwamo akatoka. Kafiri si jina la kumfunika yeyote tusiyempenda, na kumkufurisha Muislamu mwenzako ni jambo zito kupita yote: hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim inasema anayemwambia nduguye "ewe kafiri", neno hilo humrudia mmoja wao. Ikiwa aliyeambiwa siye, msemaji ndiye anayebaki nalo.

Na jirani wa Mkunazini anayekwenda kanisani? Fiqhi, elimu ya sheria za dini, ina mjadala wake mrefu na masharti yake, lakini Qur'ani yenyewe imempa jina la Ahlul Kitabi, yaani Watu wa Kitabu, na aya ya 5 ya Al-Maida imehalalisha chakula chao. Barazani mwite Mkristo. Muhindi anayekwenda hekaluni ni Mhindu. Baniani, jina tulilozoea zamani, linatokana na neno la Kigujarati la mfanyabiashara, na halikuwa jina la dini.